Giaboksi inavuma: kutafuta, kutoa na kubadilisha beringi iliyokwisha

Giaboksi ya gia za mkono ikianza kuvuma, wengi hukimbilia kununua beringi kabla ya kujua ni ipi. Humo ndani zimo beringi kadhaa, na kuifikia yoyote kati yake mara nyingi ni lazima giaboksi ishuke na ipanguliwe. Kubadilisha beringi yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwingine: kujua ni ipi inayolia kabla hujashusha chochote, na kujua kilichoiua kabla hujaweka mpya. Beringi ya giaboksi iliyopata oili safi na kufungwa kwa mikono yenye nidhamu inaweza kuishi sawa na gari lenyewe. Ikifa mapema, kuna kitu kimeiua, na kitu hicho kisipoondolewa kitaimaliza na hiyo mpya.

Maelezo haya yanafuata zaidi giaboksi ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ile inayokaa ubavuni mwa injini ikiwa na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) ndani yake, maana ndiyo iliyo kwenye magari mengi madogo. Ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma nitaigusa pale inapotofautiana.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Simamisha gari mahali palipo kimya, weka nyutro, washa injini uiache izunguke polepole. Mguu ukiwa mbali na klachi, shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi inazunguka pamoja na injini. Ukisikia mvumo hapo, kisha ukakanyaga klachi hadi chini na mvumo ukafifia mpaka kupotea, washukiwa ni beringi za shafti hiyo. Kwa giaboksi yenye shafti tatu (kwa kawaida ndiyo ya gari la magurudumu ya nyuma), ongeza na za shafti ya chini, ambayo nayo huzunguka muda wote klachi ikiwa imeshika.

Mambo yakiwa kinyume, yaani kimya mguu ukiwa juu na kelele mguu ukishuka, hiyo ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi ili iachie. Giaboksi itashuka ndiyo, lakini huna sababu ya kuifungua. Na kama gari lina pailoti beringi (ndogo, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) kwenye mwisho wa krenkishafti, yenyewe hulia klachi ikiwa imekanyagwa na gia ikiwa imeingizwa huku gari limesimama, kwa sababu ni wakati huo tu flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) inazunguka na ncha ya shafti imetulia.

Kuna mlio mwingine unaowadanganya watu: kugongana kwepesi kwa gia kwenye nyutro, kama kokoto ndani ya kopo. Hizo ni gia zisizobeba mzigo zinazochezeshwa na mapigo ya injini, na kwa magari mengi ni hali ya kawaida. Flaiwili ya vipande viwili ikichoka huuzidisha. Beringi mbovu haigongi namna hiyo. Inavuma, na mvumo unapanda kadiri mzunguko unavyopanda. Ikiwa imechakaa sana, huanza kukwaruza.

Sasa ingia barabarani. Mvumo unaofuata mwendo wa gari, unaobaki hata ukiweka nyutro na kuliacha gari lijiendee, unatoka kwenye shafti ya kutolea nguvu, difu, au beringi ya gurudumu. Ya gurudumu itajitenga yenyewe: yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia kwenye barabara tupu. Mvumo ukiongezeka gari linapolalia upande mmoja na kupungua upande wa pili, acha giaboksi, nenda kwenye gurudumu. Kwa giaboksi ya shafti tatu, angalia gia ya nne. Katika nyingi kati ya hizo, gia ya nne huunganisha shafti ya mbele na ya nyuma moja kwa moja, mzigo haupiti kwenye shafti ya chini. Kelele ikiwa kubwa kwenye gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, halafu ikatulia kwenye ya nne, umeshapata jibu bila kufungua nati hata moja.

Oili ni shahidi

Kabla ya kumwaga oili, fungua nati ya kujazia. Nati hiyo ikikataa kufunguka na wewe umeshamwaga, gari halitoki hapo. Ikishalegea, endesha gari kidogo oili ipate joto, kisha mwaga kwenye chombo safi.

Angalia sumaku iliyo kwenye nati ya kumwagia. Ute wa kijivu, laini kama grisi, ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vyembamba na vyenye upande mmoja unaong'aa, ni ngozi ya beringi au ya meno ya gia. Chembe za rangi ya dhahabu haziendi kwenye sumaku, utaziona zikielea kwenye mwanga. Hizo ni za pete za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), na zikiwa nyingi ujue kuna kazi nyingine inakungoja humo ndani. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Na pima ujazo uliotoka: kitabu cha ufundi cha gari kikisema lita mbili na ikatoka lita moja, kilichoua beringi tayari unakijua, na kazi yako ya kwanza ni kutafuta sili inayovuja.

Kushusha

Hapa kila gari lina njia yake, kwa hiyo nitapita haraka. Toa waya hasi wa betri. Inua gari, liweke kwenye stendi imara, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chomoa draivu shafti zote mbili, kebo za gia, silinda ndogo ya klachi bila kuitenganisha na bomba lake (ifunge pembeni kwa waya), stata, swichi ya taa ya rivasi, sensa ya mwendo. Shika injini kwa juu au kwa jeki yenye ubao chini ya sampu, halafu ndiyo uguse maunti (vishikizo vyake).

Bolti zinazounganisha giaboksi na injini hazilingani urefu. Chora umbo la hauzingi kwenye kipande cha kadibodi, toboa matundu kwa mpangilio uleule, na kila bolti inapotoka ichomeke mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua alumini.

Giaboksi ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50. Tumia jeki ya giaboksi au msaidizi. Hatari si mgongo wako tu: ukiiacha ining'inie kwenye shafti wakati spilaini (vijino vya ncha ya shafti) bado ziko ndani ya klachi pleti, pleti inapinda katikati, na baadaye gia zitakataa kuingia huku ukiilaumu beringi mpya. Ivute moja kwa moja nyuma, sambamba na injini, mpaka shafti itoke yote.

Osha nje yake sasa. Osha kwelikweli, kwa brashi na mafuta ya taa, mpaka mikono yako ibaki safi ukiishika. Mchanga ulioganda pembezoni mwa kifuniko ndio utakaodondokea ndani ukifungua.

Kuifungua

Isimamishe kwenye mbao, upande wa klachi ukiwa chini. Kwa giaboksi nyingi za kulala, hizi za magurudumu ya mbele, gia ya tano inakaa peke yake juu, chini ya kifuniko cha mwisho. Toa kifuniko utaiona, pamoja na nati kubwa katikati ya shafti.

Nati hiyo imegongewa ukingo wake ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Nyanyua ukingo huo kwa tindo nyembamba kabla ya kuweka soketi. Kuifunga shafti isizunguke, ingiza gia mbili kwa mpigo: sukuma kola ya gia ya tano (pete inayoteleza kuiingiza) kwa mkono, na kwa fimbo ya gia ingiza nyingine. Giaboksi inajifunga yenyewe. Soma kitabu kwanza, maana kwenye baadhi ya giaboksi nati hii ina nyuzi za kushoto, na wanaogundua hilo baada ya kuweka bomba refu kwenye spana hugundua wakiwa wamechelewa.

Toa pini ya uma (mkono unaosukuma kola) wa gia ya tano kwa kuigonga na msumari butu wa saizi yake. Kabla ya kuvuta kola na kitovu chake, vitie alama vyote viwili kwa kalamu ya rangi vikiwa bado pamoja, kisha vitoe kama kitu kimoja. Ndani yake kuna vijifunguo vitatu vidogo na springi. Kola ikitoka peke yake vitaruka, na kimoja lazima kitaenda chini ya kabati.

Sasa hapa ndipo kesi nyingi, yaani maganda ya giaboksi, huvunjwa. Umetoa bolti zote za mzunguko, unagonga, kesi imeachana kidogo kisha imegoma. Kabla ya kuongeza nguvu, rudi juu ukaangalie vichwa vya beringi. Kwa giaboksi nyingi, beringi ya juu imeshikwa kwenye kesi na saklipi, ile pete ya chuma yenye ncha mbili, ambayo imekaa kwenye mfereji wa ringi ya nje. Lazima uitanue kwa koleo yake, na huku imetanuka, kesi ipandishwe ili beringi ibaki chini na shafti. Kazi hiyo inataka mikono minne. Nyingine zina sahani iliyofungwa kwa bolti badala ya saklipi. Pia zungusha macho nje ya kesi: kuna bolti ya shafti ya rivasi, na kuna plagi ndogo zenye springi na gololi zinazozishika fimbo za gia. Zote hizo lazima zitoke. Panga kila springi na gololi yake, kwa sababu urefu hutofautiana kati ya moja na nyingine.

Usipenyeze bisibisi kwenye maungio ya kesi. Mkwaruzo mmoja hapo utakuvujishia oili miaka yote. Gonga kwa nyundo ya plastiki kwenye masikio ya kesi, au weka pau kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Kesi ikitoka, usiguse kitu bado. Piga picha kutoka pande tatu: uma za gia zinavyokaa, gia ya rivasi inavyoelekea, sumaku ilipo. Kisha toa gia ya rivasi na shafti yake, na mwisho zinyanyue shafti zote mbili pamoja na uma zake kwa mkupuo mmoja. Haziwezi kutoka moja moja kwa sababu meno yameshikana.

Kuitoa iliyokufa, na kuisoma

Beringi ya mwisho wa shafti hutolewa kwa pula au presi. Weka sahani mbili za kushikia nyuma ya ringi ya ndani, siyo kwenye meno ya gia. Nafasi ikiwa finyu na huna pa kushika, bana ringi ya nje. Beringi hiyo inatupwa, haijalishi ikiumia. Lakini usifanye hivyo kwa beringi unayotaka kuirudisha. Kwa kweli beringi iliyovutwa kwa ringi ya nje isirudi kwenye gari, hata ikizunguka laini mkononi.

Vikombe (ringi za nje) vya beringi za rola za mshazari vilivyojificha ndani ya kesi ni kisa kingine, kwa kuwa mara nyingi hakuna pa kushika kwa nyuma. Pasha kesi joto taratibu. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo kikombe hulegea, na ukiibamiza kesi kidogo juu ya mbao kinaweza kudondoka chenyewe. Kikigoma, mchomeleaji hodari apitishe mstari mwembamba wa weldi ndani ya kikombe. Kinapopoa kinasinyaa na kutoka. Angalia chini yake: pale kuna shimu, vijipete vyembamba vya kupimia nafasi. Vifute, vipime unene, viandike ni vya upande gani. Ukivipoteza umepoteza kipimo cha kiwandani.

Sasa chukua muda na beringi uliyoitoa. Ioshe, ikate kama inabidi, iangalie chini ya taa. Mashimo madogo yaliyochimbika kwenye njia ya gololi, kote kuzunguka, ni uchovu wa chuma: imefanya kazi yake ikazeeka. Mashimo yakiwa upande mmoja wa njia, ilikuwa ikisukumwa kwa ubavu. Vibonyeo vilivyoachana sawasawa kama nafasi za gololi zenyewe vinasema kuna mtu aliigonga wakati wa kuifunga. Rangi ya kahawia au bluu ni moto wa kukosa oili. Njia nzima kuwa kijivu na chakavu bila mashimo ni uchafu uliozunguka kwenye oili. Madoa ya kutu ni maji.

Na kama ringi ya ndani ilitoka kwa vidole, au mgongo wa ringi ya nje umeng'aa kama kioo, beringi ilikuwa ikizunguka kwenye makao yake. Hapo beringi mpya peke yake haitoshi. Pima shafti kwa maikromita. Shafti ya milimita 25 huwa imezidi tundu la beringi kwa sehemu chache tu za elfu moja ya milimita, na ziada hiyo ndogo ndiyo inayoishika. Ikiwa imelika, ni kubadilisha shafti au kupeleka kwa fundi wa mashine aijazie na kuichonga upya. Ile tabia ya kutoboa-toboa shafti kwa senta panchi ili ivimbe siikubali hata kidogo: beringi inakalia vilele vya vijishimo, vilele vinalala baada ya muda mfupi, na unarudi ulipoanzia.

Kununua

Soma namba iliyochongwa kwenye ringi. Kwa beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu: 6205 ni milimita 25 kwa 52 kwa 15, 6305 ina tundu lilelile la 25, lakini nje ni 62 na upana 17, 6206 ni 30 kwa 62 kwa 16. Kwa hiyo mtu akikupa 6305 kwa sababu "inaingia shafti ileile", haitaingia kwenye kesi.

Herufi zinazofuata zina uzito sawa na namba. C3 maana yake nafasi ya ndani kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko ya kawaida, kwa ajili ya beringi inayopata joto na kubanwa sana. Ukiweka isiyo na C3 mahali palipokuwa na C3, kesi ikipata moto beringi inaweza kujibana yenyewe. N ni mfereji wa saklipi kwenye ringi ya nje, NR ni mfereji pamoja na pete yake. ZZ au 2Z ni vifuniko vya bati pande zote, 2RS ni vya mpira. Kama ya zamani ilikuwa wazi, weka iliyo wazi, maana inategemea oili iliyo ndani ya giaboksi. Baadhi ya viwanda huweka zenye vifuniko makusudi ili kuzuia vumbi la chuma, fuata kilichokuwepo.

Namba ikiwa ngeni na vipimo havimo kwenye orodha ya kawaida, beringi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi hiyo. Tafuta kwa namba ya kipuri cha gari, usilazimishe inayofanana. Beringi za mshazari zinunuliwe kamili, kikombe na koni yake. Na kwa kuwa umeshafika hapa, badilisha beringi zote za shafti hiyo, sili zote, na rilisi beringi. Kubadilisha moja tu na kuziacha nyingine zilizokunywa vumbi lilelile la chuma ni kujitafutia safari ya pili.

Kuweka mpya

Osha kesi na shafti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Puliza njia zote za oili. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, hata kama mlio wake unapendeza. Inaweza kujiharibu au kupasuka usoni mwako. Beringi mpya ibaki kwenye karatasi yake mpaka dakika unapoihitaji. Haihitaji kuoshwa.

Kanuni ya kufunga ni moja, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: nguvu ipite kwenye ringi inayobana. Unaingiza beringi kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani. Unaingiza kwenye kesi, sukuma ya nje. Ukisukuma ya nje wakati inayobana ni ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, na gololi zinaacha vibonyeo kwenye njia. Hutaviona. Utavisikia baadaye. Tafuta bomba lenye mdomo uliokatwa sawa, kipenyo chake kikae juu ya ringi sahihi bila kugusa kishikilia gololi. Pale ambapo ringi zote mbili zinabana kwa pamoja, tumia sahani bapa inayozigusa zote.

Joto hufanya kazi hii iwe nyepesi. Tundu la milimita 25 likipashwa hadi nyuzi 80 juu ya joto la shafti hupanuka karibu milimita 0.024, na mara nyingi hiyo inatosha beringi ishuke kwa mkono. Tumia oveni ya umeme au bafu ya oili, beringi ikiwa imening'inia isiguse chini. Lenga nyuzi 100 hivi, usivuke 120, kwa sababu chuma chake huanza kupoteza ugumu na vipimo. Moto wa gesi moja kwa moja kwenye beringi hapana. Vaa glavu nene, ishushe kwa mwendo mmoja bila kusita mpaka igonge bega la shafti, kisha endelea kuibana hapo mpaka ipoe. Ukiiachia, inaposinyaa hujivuta na kuacha mwanya. Ikishapoa, jaribu kupenyeza fila geji nyembamba kati yake na bega. Isiingie.

Upande wa kesi fanya kinyume: pasha kesi, beringi au kikombe kikae kwenye friza. Kikombe kikiingia kimekaa upande, kitoe uanze tena.

Kwa beringi za mshazari kuna hatua isiyorukwa, nayo ni kupima shimu upya. Funga kesi na shimu nyembamba unayoijua unene, zungusha shafti mara kadhaa ili rola zikae, kisha pima mchezo wa shafti juu na chini kwa saa ya kupimia. Tuseme umepata mchezo wa milimita 0.15, na kitabu kinataka beringi zibanwe kwa 0.10. Ongeza 0.25 juu ya shimu ile. Kama kitabu kinataka mchezo kidogo badala ya kubana, unatoa badala ya kujumlisha. Kila giaboksi ina kipimo chake, na kukisia hapa kunaua: ukilegeza, shafti inayumba na meno yanakutana vibaya, ukikaza mno, rola zinaungua.

Kufunga na kurudisha

Paka oili ya giaboksi kwenye kila beringi na pete za sinkronaiza. Rudisha shafti mbili na uma zake kwa pamoja kama zilivyotoka, kisha gia ya rivasi, kisha sumaku ikiwa safi. Fimbo zote ziwe nyutro. Futa nyuso za maungio zisiwe na oili, paka silikoni iliyoelekezwa, mstari mwembamba usiozidi milimita mbili, na upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Inayozidi hutokea kwa ndani, hukatika, na huenda kuziba njia ya oili.

Kesi ishuke kwa uzito wake na kugongwagongwa kidogo. Ikisimama njiani, saklipi haijatanuka au fimbo moja imehama. Kaza bolti kwa kupishana, kwa spana ya toki. Gia ya tano irudi kwa alama zake, nati iwe mpya, ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kisha ukingo wake ugongewe tena kwenye mfereji.

Kabla ya kuinyanyua, zungusha shafti kwa mkono na uingize gia zote moja baada ya nyingine, pamoja na rivasi. Ukisikia mkwaruzo au gia ikigoma, fungua sasa, ikiwa bado mezani.

Weka sili mpya, midomo yake ikiwa na grisi kidogo, na uzungushie utepe kwenye spilaini zinazopita ndani yake zisikate mpira. Kwenye klachi, sawazisha pleti katikati kwa kifaa chake. Giaboksi lazima iingie kwa mkono mpaka iguse injini pande zote. Ikibaki mwanya, usiuzibe kwa kukaza bolti. Spilaini hazijalingana, na masikio ya kesi yatapasuka. Zungusha shafti kidogo, jaribu tena.

Jaza oili iliyotajwa na kitabu, gari likiwa sawa, mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo. Angalia daraja lake, kama ni GL-4 au GL-5. GL-5 inahimili mgandamizo mkubwa wa meno, lakini viungo vyake vyenye salfa vinaweza kula shaba ya sinkronaiza, kwa hiyo mahali panapotaka GL-4 usiweke GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni bora. Baadhi ya giaboksi za mkono hutumia oili ya giaboksi za otomatiki. Hapo napo tii kitabu.

Rudia ule mtihani wa nyutro: mguu juu, mguu chini. Kisha endesha kilomita chache, rudi, angalia chini kama kuna tone, na upeleke kiganja karibu na kesi upande wa beringi mpya. Joto la kawaida ni sawa, lakini upande mmoja ukiwaka kuliko mwingine simamisha gari, beringi imebanwa mno. Kama ya zamani ilikuwa imemeguka vipande, mwaga oili hii mpya baada ya kilomita mia kadhaa na uangalie sumaku tena.

Ukibaki mvumo mdogo unaosikika tu ukikanyaga mafuta kwenye gia mojamoja, huku nyutro ikiwa kimya kabisa, huo hautoki kwenye beringi. Shafti ilikaa kombo kwa muda mrefu, meno ya gia hizo yakalika kwa kufuata ukombo huo, na sasa yamerudishwa mahali pake hayalingani tena. Hilo linaondoka kwa kubadilisha jozi ya gia. Kama si kubwa, wengi huliacha, na oili ikiwa safi gari huendelea kufanya kazi nalo.